Jinsi ya kutengeneza filamu ndefu Zanzibar na kuimaliza

Maswali ni yale yale kila wiki. Ninunue kamera gani? Inataka milioni ngapi? Nina hadithi kichwani, nianzie wapi? Huulizwa na vijana wa Ng'ambo, wa Chake Chake, wa Makunduchi. Wengine washafika mbali: wamepiga picha siku sita au saba, kisha wamekwama. Nimeona niyajibu pahala pamoja, kwa mpango ninaoufuata mwenyewe.

Naanza na hao waliokwama, maana ndio wengi. Filamu zetu hazifi kwa kukosa kamera, hufia njiani. Mwigizaji kapata safari, masika yameingia, fedha ya nauli imekwisha, diski inafungiwa kabatini "mpaka mambo yakae sawa". Filamu yangu ya kwanza iko kabatini hadi leo: dakika 31 zisizo na mwisho, na wazee wawili walioigiza humo wameshatangulia mbele ya haki. Hilo linaniuma. Ya pili niliipanga vyengine. Nilijua kwamba itasimama, tena si mara moja, nikatayarisha kila kitu ili ikisimama iweze kuinuka. Ilisimama mara nne ndani ya miezi 14, na ikaisha.

Moyo wa kuvumilia lazima uwe nao. Lakini kanga aliyovaa mhusika miezi mitano nyuma haihifadhiwi na moyo, huhifadhiwa na sanduku.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu au kamera inayokuruhusu kufunga fokasi (ukali wa picha), mwanga na rangi kwa mkono. Simu nzuri inatosha: Sean Baker wa Marekani alipiga filamu ndefu nzima, Tangerine, kwa iPhone 5S, na ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance 2015.
- Stendi ya kamera iliyo imara, isiyotikiswa na upepo.
- Kinasa sauti kidogo, maiki mbili za kubana kifuani, na manyoya ya kuzifunika. Ukilazimika kuchagua baina ya lenzi mpya na maiki, nunua maiki.
- Diski mbili za nje, terabaiti moja kila moja. Mbili, si moja.
- Laptopu na programu ya kuhariri. DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kabisa.
- Shuka jeupe, mfuniko mweupe wa boksi la samaki, na taa mbili za betri.
- Sanduku lenye kufuli na daftari gumu. Kazi yake utaiona hatua ya 9.
- Fedha ya chakula na nauli ya siku zote za kupiga picha, mkononi, kabla ya siku ya kwanza.

Hatua ya 1. Andika kwa vile ulivyonavyo

Kabla ya kuandika sini (onyesho moja la filamu) hata moja, orodhesha unachoweza kukipata bila kulipa: ua wa nyumba ya bibi Kikwajuni, ngalawa ya mjomba, duka la rafiki, darasa la skuli wakati wa likizo, vespa ya jirani. Hadithi itoke humo.

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo kurasa 90 ni saa moja na nusu. Si lazima ufike huko. Academy ya Marekani, wanaotoa Oscar, huihesabu filamu kuwa ndefu ikishapita dakika 40. Kurasa 75 zilizoshiba ni bora kuliko 110 zilizojaa salamu na watu kushuka garini. Wahusika wakuu wasizidi wanne, na pahala pa kupigia picha pasizidi sita.

Ziogope sini za harusi na mazishi. Umati huukusanya kwa siku moja tu; ikibaki nusu ya sini, watu wale wale kwa nguo zile zile huwapati tena. Kama harusi ni lazima, iandike isikike nyuma ya ukuta: ngoma, vigelegele, na mhusika wako peke yake jikoni.

Muache mhusika azungumze lugha ya kwao. Mtu wa Wete aseme Kipemba, mtu wa Makunduchi aseme Kikae, na mtazamaji asiyeelewa utamwekea maandishi chini ya picha. Kosa ninaloliona sana ni kuwalazimisha waigizaji Kiswahili cha tamthilia za televisheni, wakatamka kama wanasoma taarifa ya habari.

Na usidhani unahitaji Kiingereza ili ufike mbali. Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ni ya Kiswahili na imepigwa hapa Unguja. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021.

Hatua ya 2. Hodi na vibali

Kiserikali, kazi za filamu zinasimamiwa na Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni Zanzibar, yaani BASSFU. Nenda wiki kadhaa kabla, na skripti, orodha ya watu na orodha ya pahala. Ada na fomu waulize wenyewe siku hiyo. Usitegemee alivyokwambia rafiki aliyekwenda mwaka juzi.

Kisha nenda kwa sheha wa kila shehia utakayoingia. Nenda mwenyewe, umevaa vizuri, useme hadithi inahusu nini na mtakaa mpaka saa ngapi. Karatasi ya ofisini bila hodi kwa sheha haikufikishi mbali. Majengo ya kihistoria kama Ngome Kongwe yana wasimamizi wake, nao wana hodi yao. Bandari, uwanja wa ndege, kambi na vituo vya polisi usivielekezee kamera bila ruhusa yao wenyewe. Droni usirushe bila kibali. Tanzania zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Waigizaji wa kike, hasa walio kwao kwa wazazi, wanataka hodi ya peke yake. Fika nyumbani. Zungumza na mama yake, na baba au ami akiwepo. Waeleze atavaa nini, atakuwa na nani, nani atamrejesha na saa ngapi, na kama kuna sini wasiyoipenda isikie siku hiyo, si katikati ya kazi. Mimi humchukua mwanamke mmoja mtu mzima kwenye kila siku ya kazi, na jina lake nalitaja hapo hapo barazani. Nimeona filamu mbili za vijana wenzangu zikifa kwa sababu hodi hii ilirukwa.

Mwisho wa hatua hii ni karatasi. Kila mwigizaji asaini ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: jina lake, nafasi yake, siku ngapi, malipo gani, na kwamba anaruhusu sura na sauti yake zitumike. Mwenye nyumba naye asaini. Weka mashahidi wawili. Hata kwa binamu yako.

Hatua ya 3. Panga kwa mwezi, upepo na mvua

Hapa ndipo visiwa vyetu vinapoachana na kila kitabu cha filamu nilichosoma.

Ukipiga picha Paje au Jambiani maji yamejaa, ukarudi wiki ya pili saa ile ile, utakuta nchi kavu. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo baada ya wiki moja kujaa kumekuwa kupwa. Baada ya siku 14 au 15 hali hurejea karibu na ile ya kwanza. Basi sini ya pwani isiyokwisha leo, tarehe yake ya kurudiwa ni wiki mbili mbele. Wengi huipanga Jumamosi ijayo, wakashangaa kwa nini picha haziungani.

Jadwali la maji unalo ukutani: ni kalenda ya Kiislamu. Mwezi mwandamo na mwezi wa kumi na nne, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, maji makubwa. Maji hukauka mbali kwenye saa nne au tano asubuhi na kujaa alasiri kwenye saa kumi. Ndizo siku wakulima wa mwani wako shambani, na ndizo za kupiga mtu mdogo akitembea juu ya mchanga usiokwisha. Kwenye tarehe saba au nane za kalenda hiyo, na ishirini na moja au mbili, ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Hizo ni siku za mazungumzo marefu ufukweni, kwa sababu bahari haikimbii nyuma ya waigizaji wako. Ukiwa na shaka muulize mvuvi yeyote, anaijua hesabu hii kwa kichwa.

Upepo nao una ratiba. Kusi, kwenye Juni hadi Septemba, hupiga pwani ya mashariki na kusini hata maiki zikapiga kelele tupu. Miezi hiyo sini za pwani zipeleke Mangapwani na Bububu. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Februari, joto ni kali na mchana waigizaji wanatoka jasho kwenye vipodozi. Malelezi, pale upepo unapogeuka, bahari hutulia. Kwa sini za chomboni naisubiri malelezi ya Oktoba, hata kama ni kusubiri miezi mitatu.

Masika, Machi hadi Mei, usipange siku za nje. Ramadhani usipange kupiga mchana kabisa. Watu wamefunga, wamechoka, na sini ya mtu anayekula haiwezekani wala haipendezi. Itumie kuhariri usiku baada ya tarawehe.

Hatua ya 4. Hesabu, ukianzia jikoni

Kurasa 90, ukipiga kurasa tano kwa siku, ni siku 18. Kwa Jumamosi na Jumapili peke yake ni wiki tisa. Ongeza siku tano za dharura na uziandike kwenye bajeti.

Watu 12, milo miwili, siku 18, ni sahani 432. Tuseme sahani ni shilingi 3,000. Ni shilingi 1,296,000, kabla ya maji, chai na maandazi ya asubuhi. Hesabu hii ndiyo inayoangusha filamu. Watu watakuvumilia kwa malipo madogo, lakini aliyesimama juani tangu alfajiri na saa nane hajaona wali, Jumamosi ijayo harudi. Tafuta mama mmoja wa mtaani anayepika vizuri, muingize kwenye kundi kama mtu wa kazi, na mlipe kila siku.

Malipo ya wengine, hata kama ni ya nauli na kitu kidogo, yatoke siku ile ile. Usiahidi kugawana faida.

Hatua ya 5. Fanya mazoezi mpaka yakinaishe

Mwongozaji Christopher Nolan alipokuwa hana fedha alitengeneza Following, iliyotoka 1998, kwa kupiga Jumamosi tu kwa karibu mwaka, maana waigizaji wake walikuwa na kazi zao. Walifanya mazoezi mengi kabla, ili kwenye kamera irudiwe mara moja au mbili. Sisi hatununui mkanda wa filamu, lakini tunanunua jua, na jua halirudiwi.

Mazoezi hayana gharama: barazani baada ya isha, chai ya tangawizi, kila mtu na skripti yake. Wiki nne. Sini ngumu zipige kwa simu, mtazame pamoja, mrekebishe.

Hatua ya 6. Siku ya kupiga picha

Weka fremu (picha) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, sekunde 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukitumia shata nyengine, taa za mirija zinaweza kupepesa, na hilo hutaliona mpaka usiku kwenye laptopu. Funga fokasi, mwanga na rangi. Ukiiachia simu ijipangie, uso utabadilika weupe kila mtu anapopita nyuma.

Anza saa 12 na nusu asubuhi. Mpaka saa tatu mwanga ni mzuri. Kuanzia saa nne hadi saa tisa jua liko utosini na macho ya mtu hugeuka mashimo meusi. Saa hizo ingia vichochoroni Mji Mkongwe: kuna kivuli, na ukuta wa chokaa unaopigwa na jua juu hurudisha mwanga laini usoni bila taa yoyote. Ukiwa shamba, kaa chini ya mwembe na utumie mfuniko wa boksi la samaki kurudisha mwanga. Jioni, jua likishatua una dakika 20 hivi na usiku umeingia. Sini ya magharibi igawanye jioni mbili au tatu.

Kila sini ipige kwanza yote kwa upana, mwanzo hadi mwisho. Kisha nyuso. Mvua ikikukatiza, utakuwa na kitu kinachosimama.

Tahadhari: kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi ikitolewa ghafla nje, lenzi huingia ukungu. Iache kwenye mkoba uliofungwa nusu saa nje kabla ya kuitumia. Na ukitoka pwani ifute chumvi siku hiyo hiyo kwa kitambaa laini.

Hatua ya 7. Sauti

Mtazamaji husamehe picha yenye giza. Sauti mbovu hasamehi.

Fika lokesheni siku moja kabla, saa ile ile utakayopiga, ufumbe macho dakika tano. Utasikia kunguru, ambao mjini hawanyamazi asubuhi na jioni. Utasikia jenereta, fundi wa milango, vespa. Utajua kipindi gani skuli ya jirani inatoka.

Andika nyakati za sala kwenye ratiba. Misikiti ya mjini haiadhini kwa sekunde moja. Mmoja unamaliza, mwengine uko katikati. Sini iliyoanza kabla ya adhana na kuendelea ndani yake haihaririki, kwa sababu kila ukikata, adhana inaruka. Nasi tuna wajibu wa kunyamaza. Simamisha kazi robo saa kabla, watu wasali, wanywe maji, mrudi.

Zima feni na friji. Funguo za vespa yako ziweke ndani ya hilo friji, usije ukaondoka bila kuliwasha, samaki wa watu wakaoza. Maiki ibane ndani ya nguo, lakini kanzu iliyopigwa wanga na buibui la kitambaa kigumu hukwaruza. Weka kipande cha plasta baina ya maiki na kitambaa. Maneno yacheze karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha sauti, na hata mtu akipiga ukelele usivuke -6.

Kila mkipiga, mtu apige kofi moja mbele ya kamera ili uoanishe sauti na picha baadaye. Na kabla ya kuondoka pahala, wote msimame kimya dakika moja huku kinasa kikiendelea. Ule ukimya wa ua ule utauhitaji sana kwenye kuhariri, na hauuzwi popote.

Hatua ya 8. Hifadhi kabla ya kulala

Kamera inayorikodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya dakika 90, ukipiga mara sita ya urefu wake, ni saa tisa, yaani gigabaiti 405. Diski zako zinatosha. Kinachokosekana ni nidhamu: usiku ule ule nakili kwenye diski zote mbili, fungua faili tatu nne uzitazame zinacheza, ndipo ufute kadi. Diski moja ilale kwako, ya pili kwa mtu mwengine, nyumba nyengine. Nilipoteza kazi ya siku mbili kijijini kwa kuanguka diski moja ngazini, na sini ile hatukuweza kuipiga tena kwa sababu nyumba ilishaezuliwa.

Hatua ya 9. Sanduku la filamu

Hatua hii ndiyo iliyoniokoa.

Nguo zote za wahusika ni mali ya filamu mpaka filamu iishe. Zisirudi nyumbani na mwigizaji, zitafuliwa, zitapauka, zitavaliwa sikukuuni. Zikaushe, zikunje, ziingie sandukuni pamoja na viatu, saa, pete, tasbihi, simu mbovu ya mhusika na kikombe chake.

Kanga nunua doti mbili za aina moja siku moja. Ukirudi Darajani baada ya miezi mitatu, ile huenda isipatikane tena. Na jina la kanga lisome kabla hujalipa: watazamaji wetu wote watalisoma, na kama mama mpole umemvisha kanga ya kumpiga mtu kijembe, umeshabadilisha hadithi.

Kwenye daftari, kila sini ina ukurasa wake: tarehe ya kalenda zote mbili, saa, maji yalikuwaje, upepo, nani alivaa nini, mkono gani ulishika kikombe, ndevu za siku ngapi. Piga picha za simu za kila mwigizaji mbele na nyuma mwanzo na mwisho wa siku. Mwisho wa kila siku andika mstari mmoja: *tukirudi, tuanze na nini*. Uandike ukijua kwamba anayeusoma atakuwa amesahau kila kitu, maana huyo ni wewe baada ya miezi mitano.

Na tarehe ya kurudi itajwe kabla watu hawajatawanyika. "Tutaitana" ndilo neno linaloua filamu. Sema: Jumamosi ya tarehe fulani, saa 12 asubuhi, hapa. Hata kama ni baada ya Idi.

Hatua ya 10. Hariri huku unapiga

Usisubiri siku 18 ziishe. Kila baada ya siku tatu unga sini ulizonazo, bila mapambo. Utaona kinachopungua wakati mwigizaji bado yupo na mtaa bado unakukaribisha. Laptopu ikiwa nzito, tengeneza nakala nyepesi za picha ndani ya programu, uhariri kwa hizo.

Rasimu ya kwanza ikikamilika, iache wiki mbili. Kisha waonyeshe watu wanane wasiohusika, wakiwemo wazee wawili. Usiwaulize kama ni nzuri. Waangalie tu ni dakika ya ngapi wanashika simu.

Hatua ya 11. Muziki, kisha kuitoa

Wimbo wa taarab wa zamani una wenyewe. Bila ruhusa ya maandishi usiutumie, hata kama kila mtu anaujua. Uliza kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOZA. Njia nyepesi ni kumlipa mpiga udi au qanuni akupigie kitu kipya. Chuo cha muziki cha DCMA kimefundisha vijana tangu 2002, na wengi wao wanatafuta kazi ya kwanza kama wewe.

Weka maandishi ya tafsiri, mistari miwili kwa mara moja, yasiyozidi herufi 42 kwa mstari. Ipeleke filamu BASSFU ikaguliwe kabla ya kuionyesha hadharani. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, iko hapa hapa nyumbani, imeanzishwa 1997; anza nayo. Kisha tamasha la Durban kila mwaka, na lile la FESPACO la Ouagadougou kila baada ya miaka miwili. Usiipandishe YouTube kwanza: matamasha mengi hayaipokei filamu ambayo kila mtu ameshaiona.

Mambo yakikwama

*Mwigizaji mkuu ameondoka.* Wangu alipata kazi Muscat zikiwa zimebaki siku nne. Nilimuomba arikodi maneno yake kwa simu, amejifunika blanketi ili sauti isirudi ukutani. Sini zile zikawa za mama anayesikiliza ujumbe wa mwanawe, akiurudia, amekaa juu ya kitanda chake. Mbadilishe mhusika, usimbadilishe mtu.

*Mwigizaji ni mjamzito au amenenepa.* Piga mabega na uso, na buibui litafanya kazi iliyobaki. Mgongo wake waweza kuwa wa dada yake.

*Sauti inaanza sawa na picha, mwishoni inaachana.* Simu nyingi hazishiki fremu 25 kamili, hupanda na kushuka. Pitisha faili zote kwenye HandBrake, programu ya bure, uchague fremu 25 zisizobadilika, kabla ya kuhariri.

*Mtaa umegeuka, watu hawawataki tena.* Simamisha siku hiyo hiyo. Rudi kwa sheha, usikilize. Mara nyingi ni kelele za usiku, gari lililoziba njia, au mtu amepigwa picha hakutaka. Ifute picha hiyo mbele yake.

*Fedha imekwisha nusu.* Mwambie kila mtu ukweli, lipa deni la chakula kwanza, fungeni sanduku, tajeni tarehe.

*Tamasha limekataa.* Peleka lengine, na huku nyuma ionyeshe mtaani ulipoipiga, kwa projekta ya kuazima na shuka. Waliokupa nyumba yao wana haki ya kuiona kabla ya mtu wa Ulaya.

*Nusu mwaka hujaigusa na unaona haya kuwapigia watu.* Usianze na sini kubwa. Fungua sanduku, soma daftari, chagua sini yenye mtu mmoja, pahala pamoja, isiyo na maneno. Mimi nilirudi na ya bibi anayeanika kanga uani. Tulikuwa watano, tukamaliza saa tatu asubuhi, na kabla hatujatawanyika mama wa chakula akauliza Jumamosi ijayo apike wa watu wangapi.